Sura ya 6: Shangazi Aingie Leba, Kikombe Kibaki Nje

"Mama mkwe amenipa mizizi. Amesema uchungu ukianza niichemshe ninywe, ili nikifika zahanati nisikae sana. Ninywe?"

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi haulizwi nesi. Huulizwa jirani, dada, rafiki wa kisimani. Nyuma yake huja la pili: "Na mama mkwe mwenyewe, wataniruhusu niingie naye leba?"

Nijibu moja kwa moja. Kikombe usinywe. Mama mkwe, ikiwa ndiye unayemtaka karibu nawe, aingie. Watu wengi huyatenganisha maswali haya mawili: la kwanza wanalipeleka kwa daktari, la pili wanaliona la heshima na ustaarabu tu. Mimi naamini yanakwenda pamoja. Kikombe cha siri kinaishi kwa sababu mlango wa leba umefungwa. Mwanamke mzima aliyezoea kuwahudumia wazazi, ukimwambia asubiri nje kwenye benchi, atatoa msaada wake mahali pekee alipoachiwa, yaani nyumbani au njiani, kabla nesi hajaona chochote.

Safari ya kutoka Msangano

Msangano ni kata ya Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ukiacha baridi ya nyanda za juu unashuka bondeni, kwenye tawi la Bonde la Ufa linaloelekea Ziwa Rukwa. Huko kuna joto, mpunga, ng'ombe na mbu. Wenyeji ni Wanyamwanga, na siku hizi wapo pia Wasukuma wengi waliohamia na mifugo yao. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo njia iliyokuwa ya nusu saa kwa bodaboda inaweza kula nusu siku.

Weka hilo kichwani unapofikiria kikombe cha mizizi. Mama anayeishi mbali na kituo anaogopa mambo mawili yanayovutana. Akiwahi, ataambiwa njia bado haijafunguka, akae au arudi. Akichelewa, atajifungulia barabarani. Dawa ya kienyeji inaahidi kumwondolea hofu zote mbili: subiri nyumbani kwa utulivu, kunywa, kisha uchungu uje kwa nguvu ukukute tayari umefika. Ahadi hiyo ina mantiki yake, na anayeitoa anatoa kwa upendo. Ndiyo maana vitisho havijawahi kuiondoa.

Tanzania imepiga hatua kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika 2015 na 2016 ulionyesha kuwa kati ya kila watoto 100, 63 walizaliwa katika vituo vya afya. Kufikia utafiti wa 2022 walikuwa 81. Vifo vya akina mama vinavyotokana na uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti ule wa kwanza, na 104 katika ule wa 2022. Nyuma ya tarakimu hizo kuna wakunga, wauguzi, barabara, damu salama na jitihada za miaka mingi.

Lakini hatua hiyo ilikuwa na upande wa pili ambao hauzungumzwi sana. Uzazi ulipohama kutoka chumba cha nyumbani kwenda leba, wanawake waliokuwa wakimzunguka mzazi hawakuhama nao. Shangazi, mama mkwe, bibi na mkunga wa jadi walifika getini na kuishia hapo.

Dula ni nani?

Katika miji ya Ulaya, Marekani na sasa hata Nairobi, wapo wanawake wanaoitwa dula. Dula ni mtu anayekaa na mzazi kuanzia uchungu hadi mtoto anyonye, bila kuondoka. Hapimi njia, hachomi sindano, hazalishi. Kazi yake ni kumfariji, kumsugua mgongo, kumpa maji, kumwongoza apumue, kumwambia nini kinaendelea na kumsaidia kusema anachotaka. Wahudumu wa afya hapa kwetu humwita msindikizaji au mwenza wa kujifungua. Katika sura hii nitamwita msindikizaji.

Msomaji wa Msangano atasema kazi hiyo anaijua tangu zamani. Ni kweli. Kipya ni kwamba madaktari wameipima.

Kipimo kilichofungua macho ya wengi kilifanyika Guatemala, katika hospitali yenye msongamano ambako wanawake walikuwa wakijifungua bila ndugu. Watafiti waliwagawa wazazi kwa bahati nasibu. Wengine walipata huduma ya kawaida. Wengine walipewa mwanamke wa kukaa nao, raia asiye na mafunzo ya uuguzi, ambaye hawakuwahi kumwona kabla ya siku hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 1980. Kwa wale ambao uzazi wao ulikwenda bila matatizo, waliokuwa peke yao walikaa wastani wa saa 19 tangu kulazwa hadi kujifungua. Waliokuwa na mwenza walikaa chini ya saa 9.

Majaribio yaliyofuata katika nchi nyingine hayakuona tofauti kubwa kiasi hicho, na si haki kumwahidi mama kwamba atapunguziwa saa kumi. Mwaka 2017 yalijumlishwa majaribio 26 ya nchi 17, yenye wanawake zaidi ya 15,000. Kwa wastani uchungu ulipungua kwa takriban dakika 40. Zaidi ya hapo, wanawake waliosindikizwa walijifungua kwa njia ya kawaida kwa wingi zaidi, walipasuliwa kwa uchache zaidi, na wachache kati yao walitoka na kumbukumbu mbaya. Mojawapo ya majaribio hayo lilifanyika Botswana, na wasindikizaji walikuwa ndugu wa kike wa mzazi, watu kama shangazi zetu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliandika wazi katika mwongozo wake kwamba kila mzazi anafaa kuwa na mwenza anayemchagua mwenyewe.

Na hapa nyumbani? Mkoani Kigoma, kati ya 2016 na 2018, shirika la Thamini Uhai lilishirikiana na serikali kuruhusu wasindikizaji katika baadhi ya vituo vya afya vya umma. Si hospitali za kulipia, ni vituo vya kawaida vyenye wauguzi wachache na vitanda vilivyobanana. Wanawake wanane kati ya kumi waliojifungua huko walikuwa na mwenza. Kwa hiyo hoja kwamba jambo hili ni la nchi tajiri ilishajibiwa Kigoma.

Kwa nini mkono wa mtu unafanya kazi

Uchungu unaendeshwa na homoni iitwayo oksitosini. Homoni ni kemikali ambayo mwili wenyewe unaitengeneza na kuituma kwenye damu ili ikatoe amri mahali fulani. Oksitosini inaamuru mfuko wa uzazi ubane. Mtu akiwa na hofu kubwa, mwili humwaga homoni nyingine, adrenalini, ile inayokufanya ukimbie ukiona nyoka. Adrenalini ikizidi, mbano wa mfuko wa uzazi hulegea na kupoteza mpangilio. Mama aliyefika leba akiwa na uchungu mzuri, akaachwa peke yake, akasikia mwenzake anapiga kelele kitanda cha pili, anaweza kukuta uchungu wake umepoa kabisa.

Tazama msindikizaji anayejua kazi. Mbano unapoanza, mama anashika ukingo wa kitanda na kuinama mbele. Msindikizaji anaweka kisigino cha kiganja chake chini kabisa ya mgongo, pale mfupa unapopanuka juu ya makalio, na kusukuma kwa uzito wa mwili wake, si kwa nguvu za mkono. Hasugui huku na huku. Anasukuma, anatulia, anapumua kwa sauti ili mama amfuate. Mbano ukiisha anaondoa mkono, anampa mafunda mawili ya maji au chai ya sukari, anamfuta uso, wanatembea hatua chache. Mbano ukirudi, mkono unarudi palepale. Hufanya hivyo kwa saa sita, hata nane. Nesi mmoja mwenye wazazi wanne hawezi, hata akiwa na moyo wa dhahabu.

Sasa tuzungumzie kikombe

Nisingependa msomaji adhani dawa za uchungu ni maji tu yenye imani ndani yake. Hatari yake inatokana na kwamba nyingi zinafanya kazi kweli.

Miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorents Gran, alikuwa Kongo akihudumu na Msalaba Mwekundu. Huko Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga, aliona wazazi wakinywa chai ya mmea unaoitwa kalata-kalata ili kuharakisha uchungu, na mibano yao ilikuwa ya nguvu isiyo ya kawaida. Akachukua mmea huo na kuuchunguza. Ndani yake alikuta protini ndogo inayobana mfuko wa uzazi, na ajabu yake ni kwamba haiharibiki ikichemshwa. Ilichukua hadi 1995 wanasayansi kugundua sababu: umbo lake ni duara lililojifunga fundo, kwa hiyo moto na tumbo haviivunji kirahisi. Wanawake wale wa Kongo walikuwa na dawa halisi, na elimu yao ilikuwa halisi.

Kwa hiyo tatizo ni kipimo. Hospitali nayo huongeza uchungu, kwa oksitosini ya dripu. Nesi anahesabu matone kwa dakika, anasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, anaandika kwenye chati. Mibano ikizidi, anafunga dripu, na ndani ya muda mfupi hali inatulia. Mzizi uliochemshwa hauna hesabu hiyo. Mzizi wa kiangazi una nguvu tofauti na wa masika, sufuria ya leo si ya jana, na ukishanywewa hakuna mahali pa kufunga.

Madhara yanatokea hivi. Mtoto tumboni anapata hewa kupitia damu ya mama, na damu hiyo inapita vizuri pale mfuko wa uzazi unapopumzika kati ya mbano na mbano. Mibano ikifuatana bila pumziko, mtoto anakosa hewa. Anaweza kuchafua maji ya uzazi, akazaliwa amechoka, au akafia tumboni. Kwa mama, hasa aliyewahi kupasuliwa au aliyezaa mara nyingi, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, na hapo dakika ndizo zinazoamua. Na kama amefika kituoni amekwisha kunywa na hakusema, nesi akimwongezea dripu, dawa mbili zinafanya kazi moja kwa wakati mmoja.

Jirani zetu wa Malawi, wanaopakana na mkoa huuhuu wa Songwe kupitia Ileje, wana dawa za namna hiyo wanazoziita mwanamphepo. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Mchinji ulikuta karibu robo ya wazazi walizitumia, na waliozitumia walipata matatizo ya uzazi zaidi ya wenzao. Mwanza na Kigoma nako watafiti wamewakuta wanawake wakitumia mitishamba katika ujauzito na uchungu, mara nyingi bila mhudumu kujua.

Mama mkwe atasema, "Mbona mimi nimezaa saba kwa dawa hii?" Anasema kweli, na hastahili kubezwa. Ila ushuhuda wa waliopona ndio pekee tunaoweza kuusikia. Waliokufa njiani hawakai nasi barazani kutoa wao.

*Kwa ufupi hadi hapa:* mwenza anayekaa na mzazi bila kuondoka anasaidia, na hilo limepimwa hata katika vituo vya kawaida vya Tanzania. Dawa ya kuongeza uchungu inafanya kazi, lakini haipimiki na haizuiliki ikishanywewa. Ukiwa tayari umekunywa, mwambie nesi mara tu unapofika: ulikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi. Hiyo ni habari ya kuokoa maisha, na nesi anayejua kazi yake ataipokea bila kukufokea.

Tiba asili inayopita mlangoni

Je, shangazi akiingia leba aache ujuzi wake wote nje? Hapana, na hapa ndipo watu wengi wa afya wanapokosea kwa kuweka kila kitu cha asili kwenye kapu moja.

Kuna fani ya tiba inayojengwa juu ya chakula, maji, mazoezi, mguso na mimea, ikilenga kuusaidia mwili ufanye kazi yake wenyewe. Huko Ujerumani ya karne ya 19 padre Sebastian Kneipp aliitangaza kwa tiba zake za maji, na mwanafunzi wake Benedict Lust akaipeleka Marekani. Kwetu inaangukia chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Anayekuuzia dawa ya ujauzito muulize namba yake ya usajili. Akiwa nayo, bado uliza kama dawa hiyo inamfaa mjamzito, kwa sababu usajili peke yake haujibu swali hilo.

Ukiichambua tiba asili kwa mzazi, sehemu yake kubwa ni salama na nzuri. Kukanda mgongo na kuweka kitambaa cha uvuguvugu kiunoni ni mambo ambayo Shirika la Afya Duniani lenyewe linayakubali kama njia za kupunguza maumivu. Kutembea, kuchuchumaa na kulala kwa ubavu badala ya chali vivyo hivyo. Kunywa na kula kitu chepesi wakati wa uchungu kunaruhusiwa kwa mama asiye na tatizo. Bibi zetu walijua yote haya.

Kwa vinavyoingia mdomoni, ninavigawa hivi:

- Tumia kama chakula: tangawizi kidogo kwenye chai kwa kichefuchefu cha miezi ya mwanzo, uji wa ulezi, majani ya mlonge, mchicha na kisamvu kama mboga, samaki wa Rukwa. Vyakula hivi havichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu vya kliniki.
- Kaa mbali navyo ukiwa mjamzito: mwarobaini na shubiri, hata kama vinakusaidia wakati mwingine. Visiwe dawa yako ya homa pia: bondeni kuna malaria, na malaria ya mjamzito inahitaji kipimo na dawa ya kituo, pamoja na chandarua na dawa ya SP ya kukinga malaria unayopewa kliniki.
- Usiguse kabisa: chochote cha kuanzisha, kuongeza au "kufungua" uchungu, kiwe cha kunywa, cha kuweka ukeni au cha kupiga bomba.

Udongo unahitaji neno lake. Vile vijiti vya udongo vinavyoitwa pemba, vinavyopangwa kwa mafungu sokoni, wajawazito wengi wanavipenda, na hamu yenyewe mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Huko Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, watafiti waliupima udongo unaoliwa na wajawazito wakakuta madini hatari, arseniki ikiwemo. Hamu ikikubana, nenda ukapimwe damu. Hilo ni jibu bora la hamu hiyo kuliko kuiridhisha.

Makubaliano kabla ya uchungu

Mambo haya hayawezi kuamuliwa saa nane usiku mbano ukiwa umeshika. Yanaamuliwa kliniki, mwezi wa nane wa ujauzito, na mama mkwe au shangazi akiwa amekuja. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mama. Huyu akianza uchungu, wewe ndiye utakayekuja naye?"

"Marahaba mwanangu. Nitakuja, kama mtaniruhusu niingie."

"Utaingia, na utakaa naye mpaka mtoto anyonye. Nakuomba jambo moja tu. Dawa ya uchungu ibaki nyumbani."

"Hiyo ndiyo tuliyozalia sisi, nesi."

"Najua, mama. Lakini akinywa, mimi sitajua uchungu upi ni wake na upi ni wa dawa. Kazi yako ndani itakuwa kubwa kuliko hiyo. Mgongo wake utakuwa wako."

Ona nesi alichofanya. Hakumnyang'anya mzee heshima yake, alimpa kazi nyingine iliyo kubwa zaidi. Nimesikia watu wakisema wazee hawabadiliki. Wazee hukataa kubadilika wanapoambiwa kwamba walichokijua maisha yao yote hakina thamani, na nani asingekataa?

Siku hiyohiyo wapange safari. Anayeishi mbali ahamie karibu na kituo wiki mbili au tatu kabla, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kungojea kujifungua pale ilipo. Namba 115 ya M-Mama, inayopigwa bila malipo kuita usafiri wa dharura kwa wazazi na watoto wachanga, iandikwe kwenye kadi ya kliniki na kwenye simu ya mume. Mwanaume naye ana nafasi. Mama akimtaka awe ndiye msindikizaji, na kituo kina pazia la kulinda faragha ya wazazi wengine, hakuna sababu ya kumzuia.

Siku arobaini

Msindikizaji wa mjini mara nyingi hufika nyumbani kwa mzazi mara mbili tatu kisha anaaga. Shangazi hubaki, na hapa anawazidi dula wote wa Nairobi na London. Anampikia mzazi uji wa ulezi wenye pilipili manga kidogo, anafua, anachota maji, anamchukua mtoto ili mama alale. Katika siku hizo ndiye wa kwanza kuona mambo yanayoua. Damu ya baada ya kujifungua ndiyo ya kwanza. Pedi au kitambaa kikilowa chote chini ya saa moja, hakuna kungoja asubuhi. Homa, kichwa kuuma sana na macho kuona giza, degedege, maji yenye harufu mbaya: yote hayo ni safari ya kituo. Mzazi anayelia kila siku wiki baada ya wiki, asiyemtaka mtoto au anayesema bora afe, naye ni mgonjwa. Hana uvivu wala mapepo, anahitaji kupelekwa.

Mazoea matatu yaangaliwe. Kumkanda mzazi tumbo kwa maji ya moto kumewaunguza wengi, na kwa aliyepasuliwa kunaweza kuharibu mshono. Maji ya uvuguvugu ya kuoga na kitambaa cha joto kiunoni vinatosha. Kitovu cha mtoto kibaki kikavu na wazi, bila majivu, mafuta wala kinyesi cha ng'ombe, maana pepopunda huingia hapo. Na dawa ya chango: tumbo la mtoto mchanga halihitaji mti wowote. Miezi sita ya kwanza ni ziwa la mama tu, hata maji hapana. Akilia sana na tumbo kujaa, abebwe wima, abembelezwe, na asipotulia au akikataa kunyonya apelekwe kituoni.

Nani anabeba gharama ya msindikizaji?

Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ukarimu wa wanawake huhesabiwa kama kitu cha bure. Miezi ya kupandikiza mpunga ndiyo miezi ya mvua, na mvua haimngoji mzazi. Shangazi akikaa kituoni siku mbili na nyumbani kwa mzazi wiki tatu, shamba lake linalala. Anakula nini akiwa kituoni? Analala wapi? Mwanamke maskini zaidi kijijini, asiye na mama mkwe wala dada, atasindikizwa na nani?

Majibu yapo karibu kuliko tunavyodhani. Kikoba kinachotoa mkopo wa mbegu kinaweza kutenga fungu la nauli na chakula cha msindikizaji, na wanakikundi wakapokezana siku za kulima shamba lake. Mkunga wa jadi aliyeacha kuzalisha anaweza kuwa msindikizaji wa wasio na ndugu, akitambuliwa na kituo kwa kazi hiyo. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga kufikisha idadi yao 137,294. Wahudumu hao wanaingia majumbani, hivyo ndio wanaofaa kuuliza mapema kila mjamzito kama ana wa kumsindikiza, na kama kuna kikombe kinachoandaliwa.

Kituo nacho kina la kufanya, na halihitaji mfadhili kutoka mbali. Leba nyingi za vijijini hazimruhusu msindikizaji kwa sababu moja ya kweli: vitanda viko wazi, na ndugu wa huyu atamwona yule. Dawa yake ni pazia kati ya kitanda na kitanda, kiti kimoja kando ya kila kitanda, na kanuni zilizoandikwa ukutani kwa Kiswahili: msindikizaji mmoja, ananawa mikono, hatoi dawa, anatoka akiombwa. Kila zahanati na kituo cha afya kina kamati yenye wajumbe kutoka kijijini. Pazia, viti na ile karatasi ya ukutani ni ajenda ya kikao kimoja, na wajumbe wa Msangano wanaweza kuipitisha kabla mvua za Novemba hazijafunga njia.